Funza wa Njia ya Kati

Ukitaja Urambo mbele ya mtu yeyote aliyekalia dawati la shule katika nchi hii, atakujibu "Mirambo" hata kabla hujafunga mdomo. Si vibaya. Mtemi yule alizaliwa karibu na mwaka 1840, akafariki Desemba 1884, na katikati ya miaka hiyo aliifanya nchi hii ya miombo na vumbi ijulikane Unguja na hata London. Lakini leo sikusudii kusimulia vita vyake peke yake. Nataka tuzungumze jinsi njia inavyokufa.

Maana njia hufa kwa namna mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona: mwenye nguvu anasimama katikati na bunduki, anasema hapiti mtu. Ya pili haionekani upesi. Njia iko wazi, hakuna adui, hongo haijapanda, na bado mizigo haifiki, kwa sababu kuna kitu kimesafiri pamoja na wasafiri wenyewe na kinawala wale wanaoibeba njia.

Namna ya kwanza tulifundishwa darasani. Ya pili mimi nilifundishwa na chumba kimoja chenye kompyuta sita, hapahapa Urambo, mwaka 2009. Ndipo nikarudi kusoma upya habari za misafara, na nikaona kwamba nilikuwa nimezisoma kwa jicho moja.

Chumba chenye kompyuta sita

Kilikuwa chumba cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kufungua barua-pepe. Mimi nilikuwa nikishinda pale, nusu mteja nusu msaidizi. Intaneti ilishuka kutoka kwenye dishi juu ya bati, ikaingia kwenye ruta ndogo nyeusi, ukubwa wa daftari, na kutoka hapo ikagawiwa na swichi kwa kompyuta zote sita. Si njia pana. Picha moja ya harusi ilitosha kumfanya mteja anywe soda nzima akisubiri.

Basi, ruta ikaanza kuzirai. Asubuhi inakwenda vizuri, ikifika saa nne kimya. Taa zote zinawaka, tena zinapepesa kwa fujo, lakini ukurasa haufunguki. Ukichomoa waya wa umeme, ukahesabu mpaka kumi, ukauchomeka tena, inafufuka. Baada ya dakika kumi imezirai upya.

Mwenye chumba akasema ruta ni feki. Akanunua nyingine Tabora, kwa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya karo ya mtoto. Siku ya pili nayo ikazirai vilevile. Hapo akamgeukia kijana aliyekuwa akikilinda chumba: eti anachezea nyaya, eti usiku anaalika rafiki zake. Kijana akajitetea, hakusikilizwa. Jumamosi akapewa ujira wake akaambiwa Jumatatu asije.

Fundi aliletwa wiki iliyofuata, mzee wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilidhani ataifungua ruta. Hakuigusa. Alivuta kiti, akakaa mbele ya swichi, akaziangalia taa zake kama mtu anayetazama mchezo wa bao.

"Bwana mdogo, hapa mmewasha mashine ngapi?"

"Mbili tu, mzee. Wateja bado."

"Na hizo mbili zinafanya kazi gani?"

"Moja yule bwana anachapa barua ya kuomba kazi. Hiyo nyingine haina mtu."

"Sasa mbona hiyo isiyo na mtu ndiyo inayosema sana?"

Kweli. Taa ya yule bwana ilipepesa mara moja moja. Taa ya kompyuta isiyo na mtu ilikuwa haipumui. Mzee akanyoosha mkono, akachomoa waya ule mmoja. Akaizima ruta na kuiwasha. Ikafanya kazi mpaka jioni, na kesho yake, na keshokutwa.

"Ruta yenu haiumwi," alisema akikunja nyaya zake. "Imebebeshwa mno."

Neno lile "imebebeshwa" ndilo lililonirudisha kwenye historia.

Njia iliyokuwa na miguu

Tunaposema "njia ya kati" tunafikiri ardhi: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, Urambo au Ugala, kisha Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200. Lakini ardhi haikuhamisha hata ukucha wa tembo. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo, magari hayakuwapo, na mito mikubwa inayopitika kwa mashua kutoka pwani mpaka maziwa haikuwapo. Njia ilikuwa ni watu. Ilikuwa ni wapagazi, na wengi wao Wanyamwezi.

Watu hawa hawakuanza kutembea kwa amri ya Mwarabu wala Mzungu. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikishuka pwani na pembe tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na wasafiri wengi waliandika kwamba kijana wa huku aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, ukiacha chakula chake, jamvi lake na chungu chake. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Msafara mwepesi wa wenyeji ungeweza kufanya safari hiyo kwa muda mfupi zaidi, kwa kuwa kirangozi wake alijua visima vilipo na jinsi ya kusema na watemi wa njiani.

Tazama jinsi mtandao ule ulivyofanya kazi. Tabora ilikuwa njia panda: huku Karagwe na Buganda, kule Ujiji na Kongo, kusini Ufipa. Msafara ulifika, ukatua, mizigo ikagawiwa upya, wapagazi wapya wakaandikwa, habari zikabadilishwa, kisha kila fungu likashika upande wake. Mtu wa kompyuta akisoma hayo atakwambia, hiyo ndiyo kazi ya ruta: kupokea mzigo, kusoma anwani, kuuelekeza kwenye njia yake. Tofauti ni kwamba ruta ya Tabora ilikuwa na visigino, na visigino vinapasuka.

Namna ya kwanza: Mirambo

Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia. Ugomvi wake na Waarabu wa Unyanyembe, ambao walikuwa bega kwa bega na mtemi Mkasiwa, ulikuwa juu ya hongo na juu ya nani ataishika barabara ya kwenda Ujiji. Agosti mwaka ule Waarabu waliondoka Tabora na jeshi kubwa kwenda kumkomesha, na mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, akaingia vitani pamoja nao. Walishinda kwanza, wakateka, wakajaa nyara. Katika kurudi, Mirambo akawavizia na kuwapukutisha. Tarehe 22 Agosti rugaruga wake waliingia Tabora yenyewe, wakachoma moto, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji, akauawa.

Stanley alifanya jambo ambalo fundi yeyote wa mtandao angelifanya: alizunguka. Alipita kusini, mbali na Urambo, na mwishoni mwa mwaka huohuo akafika Ujiji. Unguja nako Sultani Barghash alipeleka askari wa Kibaluchi kuisaidia Tabora. Hawakumng'oa Mirambo. Mambo yalitulia kwa mapatano kuelekea mwaka 1876, na Aprili ya mwaka huo Stanley yuleyule alikutana na Mirambo wakachanjiana udugu.

Nayasema haya ili tuone tabia ya namna ya kwanza. Adui ana jina. Ana makao, ana madai, anaweza kupigwa, kuzungukwa au kuombwa. Njia ikifungwa, kila mfanyabiashara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji anajua nani ameifunga na kwa nini. Ndiyo maana historia inampenda Mirambo. Anaandikika.

Namna ya pili: mdudu asiyetumwa na mtu

Sasa wakati Tabora na Urambo wanapigana, upande wa pili kabisa wa Afrika lilitokea jambo dogo ambalo hakuna aliyelipigia ngoma. Septemba 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell ilifika Ambriz, Angola, ikitokea Brazil. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa kuipa meli uzito, na ndani ya mchanga, au ndani ya miguu ya mabaharia, alikuwamo mdudu wa Amerika ya Kusini. Wataalamu humwita Tunga penetrans. Sisi tunamwita funza.

Kwa umbo ni kiroboto mdogo, milimita moja tu. Hana mbio, haruki juu. Jike lake hujichimbia kwenye ngozi ya mguu, hasa kando ya ukucha, hunyonya damu, huvimba mpaka kuwa kama punje ya choroko, hudondosha mayai zaidi ya mia vumbini, kisha hufia humohumo ndani ya mguu. Mayai yanaangua, wadudu wapya wanasubiri mguu unaopita. Hapo utaona kwamba hakuhitaji kutembea. Alitembezwa.

Kutoka Angola alipanda pwani akaingia Kongo, kwa miguu ya wapagazi, askari na mabaharia wa mitoni. Alifika eneo la maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyepita kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1892, aliandika kwamba huko Uzinza aliona watu walioharibika viungo na vijiji vilivyokwisha kwa sababu ya mdudu huyu. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alimpa funza nafasi yake katika orodha ya misiba ya miaka ileile, pamoja na sotoka iliyomaliza ng'ombe, ndui na njaa. Kabla karne haijakwisha funza alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi, na kutoka hapo akavuka mpaka India. Miaka 25 hivi, kutoka bahari hadi bahari, bila kumiliki hata mguu mmoja wa kwake.

Nyie mnaojua funza mtacheka. Mdudu wa kutolewa kwa mwiba au sindano, ndiye wa kuua njia? Ndiyo, kwa sababu watu walikuwa hawamjui. Mtu anayemjua humtoa siku ya pili, akapaka majivu au mafuta, akaendelea na safari. Asiyemjua anakuna, anapasua, jeraha linaoza, vidole vinadondoka, au pepopunda inamaliza kazi. Madhara yalikuwa makubwa pale mdudu alipokuwa mgeni, yakapungua ujuzi wa sindano ulipoenea. Nadhani huu ni mmoja kati ya ujuzi mkubwa wa tiba uliowahi kusafiri katika nchi hizi, na ulisafiri kwa njia ileile aliyosafiria mdudu: mpagazi akimwonyesha mpagazi penye moto jioni.

Sasa jiweke mahali pa mkuu wa msafara wa miaka ile. Hujui habari ya meli wala ya Ambriz. Unachokiona ni mpagazi aliyeketi chini ya mti na mzigo wako kando, anasema mguu hauendi. Kesho wawili, keshokutwa watano. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ile vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi: wavivu, watoro, waongo wa magonjwa. Baadhi walikuwa watoro kweli, binadamu ni binadamu. Lakini kiboko kilikuwa karibu kuliko sindano. Aliyeonekana kuanguka ndiye aliyehesabiwa kuwa na kosa.

Minyoo ya mashine

Turudi kwenye ruta. Kuna programu zinazoitwa minyoo ya kompyuta. Virusi vya kompyuta hukaa ndani ya faili na kungoja mtu alifungue, mnyoo hangoji. Unaingia mashine moja kwa tundu lililoachwa wazi katika programu, unajinakili, kisha unaitumia mashine hiyo kubisha hodi kwenye mashine nyingine elfu. Mimi naona tungeuita funza. Mnyoo hukaa tumboni ukala chakula chako. Huyu anakaa mguuni akangoja utembee.

Wa kwanza kutikisa dunia uliachiwa tarehe 2 Novemba 1988 na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Intaneti nzima wakati huo ilikadiriwa kuwa na kompyuta 60,000, na inasemekana 6,000 hivi ziliambukizwa. Mnyoo ule haukufuta faili la mtu. Uliingia mashine ileile mara nyingi, nakala juu ya nakala, mpaka mashine ikaelemewa. Morris alihukumiwa mwaka 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, kazi za jamii saa 400 na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa.

Julai 2001 ulikuja Code Red. Tarehe 19 mwezi huo uliingia kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Ulilenga seva za tovuti za aina moja tu, lakini hapa kuna jambo la kushangaza: zilianguka pia ruta fulani ndogo za Cisco, za mfululizo wa 600, ambazo hazikuwa seva za aina ile hata kidogo. Mnyoo ulibisha hodi ovyo kwenye kila mlango. Ruta zile zilikuwa na kaukurasa kadogo ka kuziongozea, na zilipopata hodi ile ya ajabu zilikwama, zikaacha kupitisha chochote mpaka zizimwe na kuwashwa. Mwizi alikosea nyumba, na mlango ukaangukia wenyeji.

Kisha Slammer. Jumamosi tarehe 25 Januari 2003, ilipokuwa saa mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu, mnyoo wenye baiti 376 tu, mfupi kuliko aya ya insha hii, ulianza kusambaa. Mwanzoni idadi ya mashine zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde nane na nusu. Kwa dakika kumi ulikuwa umeshaingia sehemu kubwa ya seva zilizokuwa na tundu lile, angalau 75,000. Korea Kusini karibu ikatike intaneti yote. Kule Marekani mashine 13,000 za kutolea fedha za Bank of America ziligoma. Na dawa ilikuwapo! Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu hilo Julai 2002, miezi sita kabla. Sindano ilikuwa mkononi, mguu haukutazamwa.

Kwa nini ruta inazirai wakati mnyoo haukuingia ndani yake? Hebu tuieleze kama wanakijiji. Ruta ndogo ina daftari. Kila kompyuta ya ndani inapoanza mazungumzo na mashine ya nje, ruta huandika mstari: fulani anaongea na fulani, jibu likija lipelekwe kwake. Daftari lina mistari ya kikomo, pengine elfu moja au mbili hivi, na kwa watu sita wanaosoma barua-pepe inatosha na kusaza. Mnyoo sasa unatunga anwani kwa kubahatisha na kubisha kila moja. Nyingi hazina mtu. Ruta inaandika mstari, inangoja jibu lisilokuja, inaandika mwingine, inangoja. Kwa dakika chache daftari limejaa. Mteja halali akija, hana pa kuandikwa. Hata ruta kubwa zina shida ya jinsi hiyo: mzigo wa anwani inayojulikana hupita kwa njia ya mkato bila kuisumbua akili ya mashine, lakini kila anwani mpya huilazimisha ifikiri, na ikiulizwa anwani mpya maelfu kwa sekunde, haina nafasi ya kufanya jambo jingine. Ni kama kirangozi anayeulizwa njia ya vijiji elfu ambavyo havipo, naye kwa uaminifu wake anavitafuta vyote.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hauanzi na ruta. Anauliza nani anasema sana bila kuwa na la kusema. Anachomoa waya mmoja mmoja mpaka fujo ikome. Anaitenga mashine ile, anaiosha, anaziba tundu, ndipo anairudisha. Na akiweza anafunga kwenye ruta ule mlango anaoutumia mnyoo, kama mtemi anavyoweza kuzuia msafara wenye ndui usiingie bomani.

Nani aliuleta

Mnyoo wetu wa Urambo ulikuwa Conficker. Uligunduliwa duniani Novemba 2008, na kiraka cha tundu lake kilikuwa kimetoka Oktoba 23 mwaka huohuo. Lakini kompyuta zetu zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na programu zake hazikuwa zimepata kiraka tangu zishushwe melini. Uliambukiza mamilioni ya mashine, na aina yake ya pili, ya mwishoni mwa Desemba 2008, ilikuwa na ujanja wa zaidi: ilipanda kwenye flashi. Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, nayo imeshateremka.

Basi ndipo nilipokaa kimya nikitazama ile mashine isiyo na mtu. Wiki moja kabla ya ruta kuanza kuzirai, nilikwenda Tabora kuchapa mashairi yangu kwenye kompyuta ya rafiki, nikayanakili kwenye flashi, nikarudi kwa basi. Kilomita 90 na kitu, flashi mfukoni. Niliichomeka kwenye mashine ileile. Dishi letu la bati lilikuwa jembamba mno, lakini mdudu yule hakulihitaji. Alikuja kwa mpagazi, na mpagazi ni mimi. Alipanda juu ya mashairi.

Na kijana alikuwa ameshafukuzwa.

Nilichukua siku tatu kumwambia mwenye chumba. Kwa nini tatu? Kwa sababu nilikuwa najiambia hakuna ushahidi, pengine kuna mwingine aliyechomeka flashi yake. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli na ilikuwa ya uoga. Nilipomwambia, alicheka kidogo, akasema kompyuta zina mambo. Nikamwuliza juu ya kijana. Akasema ameshapata mwingine. Nilimtafuta kwao, nikaambiwa amekwenda Kaliua kwenye tumbaku. Ninachojua mpaka leo ni kwamba aliondoka Urambo na jina la mharibifu, na alikuwa hakuharibu kitu.

Tangu hapo nikisoma habari za misafara, jicho langu haliendi tena kwa mtemi aliyeifunga njia wala kwa Mzungu aliyeizunguka. Linakwenda chini ya ule mti, kwa yule aliyeketi na mzigo kando. Nani alimtazama mguu? Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya masafa marefu ilimwondoka mabegani, na pamoja nayo likaondoka hata swali hilo. Majina ya watemi tunayo. Majina ya mabwana wa misafara tunayo. Hata jina la meli iliyomleta funza tunalo. Wapagazi maelfu kwa maelfu waliohesabiwa wavivu kwa sababu ya mdudu wa milimita moja, hao wamebaki malalamiko katika kitabu cha mtu mwingine.

Nasikia watu wakisema, historia ya Urambo imeshaandikwa, tuandike mapya. La hasha. Imeandikwa ile ya namna ya kwanza. Hii ya pili inahitaji vijana watakaokwenda kuwauliza bibi na babu walifundishwa na nani kumtoa funza, kwa sindano ya namna gani, katika miguu iliyotoka wapi. Wazee wa umri huo wanapungua kila masika.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mzee mwenye miwani ya uzi, kwa kuchomoa waya mmoja. Kijana yule, kama umeshika gazeti hili huko uliko, ruta haikuwa kosa lako. Ilikuwa flashi yangu.